Mbona Hawakimbii? Mizinga ya Kwenye Gemu na Ile Sabasaba Nyingine

Leo hapa hakuna nani kaachana na nani, wala hakuna staa aliyeonekana Masaki na gari ambalo si lake. Leo tunaongea gemu. Ila umbea kidogo upo, kwa hiyo tulia hapo hapo.

Kuna jamaa mmoja, jina nalihifadhi maana mashabiki wake nawajua na wiki hii sina nguvu za kugombana nao. Anacheza gemu za vita laivu usiku, watu wanamtumia hela, anaongea Kiswahili kitamu, na kwenye hizo gemu yuko vizuri kinoma. Majuzi akapandisha klipu. Kapanga mtambo wa kurusha roketi, ule unaokaa mgongoni mwa lori, nyuma ya kichaka. Kabonyeza. Roketi zikatoka moja baada ya nyingine kama fataki za mwaka mpya, upande wa pili vikaungua vitu. Chini akaandika kwamba hii ndiyo vita halisi, mengine ni michezo ya watoto.

Komenti zikawaka. Wapo waliosema jamaa yuko sahihi, mpaka rangi ya lori na idadi ya mabomba ya roketi vipo kama vilivyo. Wapo waliosema gemu ni gemu tu, ukitaka vita nenda jeshini. Na wapo waliotukanana tu bila kujua ugomvi ni wa nini, maana mtandaoni hawakosekani.

Mimi nilinyamaza, sikukoment. Lakini hili jambo halikunitoka kichwani, na sababu zangu ninazo. Nacheza hizi gemu tangu nimemaliza kidato cha nne. Kompyuta yangu ni ya mtumba, feni yake inalia kama bajaji inapanda mlima, ila inasukuma. Mchana niko Kariakoo na mambo ya simu, usiku narudi zangu Mchafukoge, nafunga mlango, naanza kupigana. Kwa hiyo naongea kama mtu wa ndani, siongei kama shangazi anayesema gemu zinaharibu watoto.

Tuanze na haki ya watengenezaji. Kwenye vyuma, hawa watu wako siriasi. Chukua ile mizinga inayojiendesha, yaani mzinga uliopandishwa juu ya gari lenye injini yake ili usivutwe na gari lingine. Wamarekani kwenye Vita Kuu ya Pili walikuwa na M7, mzinga wa milimita 105 juu ya mwili wa kifaru. Waingereza wakauita "Priest", yaani padri, kwa sababu pale mbele pana kiduara cha mshika bunduki kinachofanana na mimbari ya kanisani. Ingia World of Tanks uutafute, utaukuta, na kimimbari chake kipo pale pale. Wajerumani walikuwa na Hummel, wa milimita 150. Nao upo. Mtu kakaa chini na picha za zamani akahesabu mpaka nati. Heshima yao.

Tatizo linaanza pale chuma kinapotakiwa kufanya kazi.

Angalia umbali. Ramani nyingi za World of Tanks zina upana wa kilomita moja hivi. Hiyo ni kama kutoka Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi, safari ambayo ukiwa na haraka unaitembea na juisi ya miwa mkononi haijaisha. Ule M7 wa kweli ulikuwa unapiga kilomita kama 11. Sasa twende kwenye mtambo wa jamaa yetu. Ule ni BM-21, Warusi wanauita Grad, maana yake mvua ya mawe. Uliingia jeshini kwao mwaka 1963. Una mabomba 40, kila roketi ina upana wa milimita 122, na inafika kilomita kama 20. Yaani unakaa Kariakoo unampiga mtu aliyeko Mbezi Luis. Humuoni, hakuoni. Baina yenu kuna Magomeni, Ubungo, Kimara na foleni yote ya Morogoro Road.

Kwenye gemu unamuona. Unabonyeza kitufe, kamera inapaa juu, unamchungulia kama Mungu. Kwenye vita ya kweli ya zamani hiyo, anayekuonea ni mwenzako aliyetangulia mbele na ramani, darubini na redio, kalala kwenye matope, anakwambia ongeza mita 200, punguza, kushoto kidogo. Akipigwa huyo, nyuma wewe ni kipofu mwenye lori la roketi.

Halafu njoo kwenye kupakia. Hapa ndipo watu wa Kariakoo tunapaswa kucheka. BM-21 inamaliza roketi zake 40 ndani ya sekunde 20. Kwenye gemu nyingi kuna kimstari kinajaa, kikijaa unapiga tena. Sasa sikiliza. Roketi moja ya kawaida ya huo mtambo ina kilo 66 na urefu wa karibu mita tatu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa hiyo chukua mfuko wa saruji, ongeza kilo 16, unyooshe uwe mrefu kama nguzo ya banda, kisha uinue usawa wa kifua na uusukume kwenye bomba taratibu. Mara 40. Hesabu yake ni zaidi ya tani mbili na nusu, mzigo wa Canter, kwa mikono. Timu iliyozoea inatumia dakika kama 10, na wakati huo moshi na vumbi la kupiga vimeshawaambia maadui wako wapi. Ndiyo maana mtambo ukawekewa magurudumu yake. Unapiga, unahama. Ukibaki pale kwenye kichaka chako kama jamaa wa klipu, unajibiwa.

Waulize wale kaka zetu wa kushusha mizigo pale Kongo na Mchikichini kama kilo 66 mara 40 ni kimstari cha kujaa. Na hili jambo lina mizizi hapa kwetu. Jina Kariakoo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao hapa. Upande wa Wajerumani, manowari yao Königsberg ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, waliitoa mizinga yake yote 10, wakaiwekea magurudumu na kuizungusha nchi nzima. Nani aliikokota? Watu weusi, kwa kamba na mabega, porini. Mmoja wa mizinga hiyo upo Mombasa, Fort Jesus, watalii wanapiga nao picha. Wapagazi kwa ujumla, pande zote mbili, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kwa hiyo kwenye ardhi hii kabla ya mizinga inayojiendesha ilikuwepo mizinga inayoendeshwa na mababu zetu. Gemu ya hao sijaiona.

Lakini haya yote ni mambo ya namba, na namba mtu anaweza kuzirekebisha kesho. Kilichonifanya niandike ni kitu kingine.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu. Naye jina nalihifadhi, na huyu namhifadhi kwa heshima. Ni mlinzi wa usiku wa jengo moja la maduka. Ana koti kubwa la baridi analovaa hata Januari, tochi, na sikio la kushoto ambalo halisikii vizuri, ukitaka kuongea naye unahamia kulia. Usiku nikirudi nampitia, tunakunywa kahawa na kashata, ananipa habari za mtaa. Nilikuwa najua kwa juu juu kwamba alienda Kagera. Wazee wengi wa umri wake walienda.

Siku ile nikamuonyesha ile klipu. Nilitaka tu kumchangamsha.

"Shikamoo babu. Hebu cheki hii, unaikumbuka?"

"Marahaba. Lete nione."

Akashika simu yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika sahani ya moto. Roketi zikatoka. Zikaanguka upande wa pili, zikalipua kifaru kimoja na gari moja. Pembeni kulikuwa na askari wa miguu, wale wa kompyuta, roketi zimedondoka hatua chache kutoka kwao, wao wanaendelea kutembea na bunduki zao. Hazikuwagusa, kwa hiyo hazikuwahusu.

Babu akairudisha nyuma akaangalia tena. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini:

"Hawa mbona hawakimbii?"

Nikacheka. Nikamwambia babu hawajapigwa hao, roketi zimewakosa.

Akanirudishia simu. "Na sisi zilitukosa," akasema. "Tulikimbia."

Nisimamie hapo kidogo, maana wengi wetu hii vita tunaijua kwa jina tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakapora, yakavunja daraja la Kyaka. Novemba Mwalimu Nyerere akaitangazia nchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote tunavyo. Mgambo kwa maelfu wakaingizwa jeshini, vijana wa umri wangu na wako. Januari 1979 wakachukua Mutukula, Februari 24 wakachukua Masaka. Gaddafi akaleta jeshi la Libya kumsaidia Amin.

Machi 10, 1979, Brigedi ya 201 ya JWTZ, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mgambo, ilikuwa Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Mbele yao barabara inapita katikati ya kinamasi. Kwenye barabara hiyo ukaja msafara wa Walibya na Waganda, una vifaru vya T-55, magari ya kivita na mitambo ya roketi. Walibya wakafyatua.

Roketi zikapita juu ya vichwa. Zikakosea, zikaangukia mbali nyuma. Sasa fungua gemu yoyote ya kawaida uangalie matokeo ya shambulio kama hilo. Madhara: sifuri. Jamaa yetu wa laivu angelaani, angesema kapoteza roketi, angesubiri kimstari kijae.

Kule Lukaya, ile sifuri ilivunja brigedi. Wengi wa wale vijana hawakuwahi kusikia kitu kama kile maishani mwao. Walitawanyika. Mji ukaachwa, na Walibya na Waganda wakauingia jioni ile.

Babu alinielezea kwa kifupi sana, na mimi sikumvuta. Alisema mlio hauanzi masikioni, unaanza tumboni. Alisema hukimbii kwa sababu umeamua kukimbia, unashtukia tu miguu iko mbele yako. Alisema rafiki yake alipoteza kiatu kimoja na hakujua mpaka giza lilipoingia. Basi. Kisha akamwaga machicha ya kahawa na kuniuliza kama ninayo chenji ya elfu tano.

Na hadithi ya Lukaya haikuishia hapo. Usiku ule Jenerali David Musuguri, aliyekuwa anaongoza divisheni, aliituma Brigedi ya 208 izunguke mpaka iwe nyuma ya adui. Wale wa 201 wakakusanywa, wakapangwa upya. Alfajiri ya Machi 11 wakapiga, 208 kutoka nyuma na 201 kutoka mbele. Walibya waliokufa wanakadiriwa kuwa kama 200, na Waganda idadi ya kukaribiana na hiyo. Barabara ikafunguka. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka.

Umeona? Waliokimbia jioni ndio hao hao waliorudi alfajiri. Nilimuuliza babu swali moja tu, usiku mwingine, kwamba mlirudije. Akasema, "Tulijua sasa unaliaje." Yaani mlio ule ule uliowatoa mbio, ukishausikia na ukajikuta bado unapumua, ukiusikia tena wewe ni mtu mwingine.

Hicho ndicho kitu ambacho gemu hazina. Zinahesabu damu. Roketi ikikugusa unapungukiwa uhai, isipokugusa uko mzima asilimia mia. Lakini mizinga, toka izaliwe, nusu ya kazi yake ni kwa wale ambao haikuwagusa. Wajerumani walipopigwa na Katyusha za Warusi, baba yake huyu Grad, zilizoanza kazi Julai 1941, waliziita kinanda cha Stalin. Jina hilo halikutokana na umbo lake tu. Waliipa jina sauti pia. Na Waganda wanaoikumbuka vita ya 1979 wana jina lao kwa mitambo ya roketi ya Watanzania, maana na sisi tulikuwa nayo. Wanaiita saba saba.

Fikiria hilo. Sisi hapa Dar ukisema Sabasaba, akili inaenda tarehe 7 Julai, viwanja vya Barabara ya Kilwa, vumbi, aiskrimu, mtoto amepotea anatangazwa kwenye spika, mtu mmoja kanunua blenda na haijafika nyumbani. Kule Masaka mwambie mtu mzima saba saba, uangalie uso wake. Neno moja, nchi mbili jirani. Na kule pia waliokuwa chini ya roketi hawakuwa askari tu. Masaka palikuwa na nyumba za watu, na mji uliumia vibaya sana.

Najua kuna atakayesema haya mambo ya kale, sisi watoto wa mjini hayatuhusu. Mwenye umri kama wangu na amekulia Dar, naomba ukumbuke Februari 16, 2011.

Siku ya Jumatano, usiku. Maghala ya silaha ya jeshi Gongo la Mboto yakalipuka. Miaka miwili kabla, Aprili 29, 2009, yalilipuka ya Mbagala. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kutoka Mchafukoge mpaka Gongo la Mboto ni mbali, unapanda daladala unalala unaamka hujafika. Lakini tulisikia. Kishindo, kimya, kishindo. Kwa mbali kule anga linawaka rangi ya chungwa. Watu kwenye maghorofa yetu ya zamani walishuka ngazi wote, Wahindi, Waswahili, Wapemba, mabachela wa chumba cha juu, kila mtu barabarani na nguo aliyokuwa nayo. Mama alitoka na ndala za rangi mbili tofauti na mdogo wangu mgongoni. Mzee mmoja wa duka la vitambaa alitoka na mashine ya kuhesabia hela. Simu hazishiki. Kila mtu anasema lake: vita, Alshababi, ndege imeanguka.

Huko karibu, watu wa Gongo la Mboto, Ukonga na Pugu walitembea usiku kucha kuja mjini, wengine wakalala uwanja wa mpira. Watoto walipotezana na wazazi wao, kesho yake redio zinasoma majina. Uwanja wa ndege ulifungwa.

Kwa Mchafukoge, madhara: sifuri. Hakuna kioo kilichovunjika kwenye jengo letu, hakuna aliyekwaruzwa. Na hakuna aliyelala. Mdogo wangu mwaka mzima alikuwa akisikia radi anaingia chini ya kitanda. Sasa mdogo wangu huyo ni mkubwa, anabeti na ana ndevu, na mpaka leo mlango ukibamizwa anashtuka kabla hajajua ameshtuka. Gemu ingesema ana uhai asilimia mia.

Kwa hiyo mtu akiniambia mimi, mtoto wa Dar, kwamba askari wa kompyuta anayetembea kwenye mvua ya roketi ni vita halisi, nakataa. Na nadhani wengi wenu mnaosoma hapa mngekataa pia, mkikumbuka.

Sasa niwe muungwana. Wapo wanaojaribu. Gemu za Close Combat, toka mwaka 1996, zilikuwa na askari wanaogoma. Unamwamuru aende mbele, analala chini, hataki, kaogopa. Watu walilalamika kwamba gemu haiwatii. Kwenye zile za Wargame, kama Red Dragon ya 2014, kikosi kikipigwa karibu karibu kinaanza kuingiwa hofu hatua kwa hatua, mwisho kinapagawa, hakikusikilizi, kinarudi nyuma chenyewe hata kama hakijafa mtu. Na humo BM-21 ipo, na roketi zikiisha lazima ulete magari ya mzigo, la sivyo lori lako ni pambo. Hata World of Tanks, mwaka 2017, walipunguza madhara ya mizinga na kuweka kitu kipya: kombora likidondoka karibu, wafanyakazi wa kifaru wanapigwa bumbuwazi, kwa muda wanakuwa wazito. Wachezaji wengi waliuchukia huo mfumo. Nimesoma malalamiko yao, mengi yanasema jambo moja: naonewa, sijapigwa lakini siwezi kufanya kitu.

Ndugu yangu, hicho unacholalamikia ndiyo mzinga wenyewe.

Naelewa kwa nini watengenezaji wanakwepa. Gemu inauzwa kwa raha, na hakuna raha kwenye kutumwa mbele ukaambiwa miguu yako haikusikii. Mchezaji anataka kuwa bosi. Sina shida na hilo, na usiku wa leo nitacheza kama kawaida. Jamaa wa laivu naye aendelee, ni burudani na anafurahisha watu waliochoka na kazi. Neno lake moja tu, "halisi", ndilo nalirudisha kaunta, naomba anipe risiti.

Maana neno hilo lina wenyewe. Babu wa jengo letu kwa zaidi ya miaka 40 amebeba kitu ambacho hakijui kukiita. Julai 25, Siku ya Mashujaa, wenzake wengine wanavaa nishani. Yeye analala mchana kwa sababu usiku ana lindo. Niliwahi kumuuliza kwa nini haendi. Alisema mashujaa ni wale waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi kule Kagera. Yeye alikimbia. Alisema hivyo kama anavyosema leo maji yamekatika.

Nikamwambia, babu, lakini ulirudi.

Hakujibu. Ilikuwa upande wa kushoto, labda hakusikia.

Kuna vijana Tanzania hii wanaotengeneza gemu, nawafuatilia, wana vipaji. Ombi langu kwenu: acheni kwanza Stalingrad, hiyo ina watu wake na wameshaitengeneza mara mia. Tengenezeni Lukaya. Barabara moja, kinamasi pande zote, jua linazama. Mpeni mchezaji kikosi cha mgambo ambao wiki kadhaa nyuma walikuwa wanalima, wanavua au wanauza nyanya sokoni. Roketi zipite juu, zisimguse mtu. Kikosi kikimbie, na mchezaji abonyeze vitufe vyote na visifanye kazi. Kisha usiku uingie, apewe kazi moja: awatafute gizani, mmoja mmoja, awarudishe. Asiyeweza hiyo kazi asiione alfajiri. Hiyo nitainunua, kwa hela yangu, na sitaipakua ya wizi.

Na kwa ambao si watu wa gemu: kama una babu, mjomba, mama mdogo, yeyote aliyekuwepo Kagera, au kama wewe ni wa Mbagala au Gongo la Mboto na usiku ule ulikuwepo, andika hapo chini. Usiandike idadi ya roketi. Andika ulikimbilia wapi, ulibeba nini, na ulirudi lini. Nitasoma zote.